Jakaranda juu ya lava ya 2002: majani mapya yanatoka njano, nifanyeje?

MamaNeema, Goma

Jambo yenu wote. Nimesoma mengi mnayoandika juu ya miti ya maua, lakini karibu wote mna udongo. Sisi hapa tuna jiwe. Naomba mnisome mpaka mwisho hata kama ni ndefu.

Parseli yetu, yaani kiwanja chetu, iko karibu na uwanja wa ndege, kwenye njia ambayo lava ya mlima wa moto wa Nyiragongo ilipita tarehe 17 Januari 2002 ikishuka mjini mpaka ziwani. Mbele ya nyumba yetu ya zamani palikuwa na jakaranda kubwa. Mama aliipanda mwenyewe mwaka alioolewa. Siku ile tulikimbilia Gisenyi, upande wa Rwanda, na nguo za mwilini, na tuliporudi hatukuona nyumba wala mti. Palikuwa jiwe jeusi linafuka moshi, kutoka kwetu mpaka kwa majirani, hata mpaka wa parseli tuliukisia tu. Tukajenga nyumba ya mbao juu yake kama watu wengine. Mama ana miaka 74 sasa. Kila mwezi wa tisa lazima aseme, "Saa hizi mti wangu ungekuwa umeanza."

Mwezi wa kumi 2020 nilinunua mche wa jakaranda kwa kijana anayeuza miche kando ya barabara. Ulikuwa unanifika kifuani, ndani ya sashe nyeusi ndogo ya plastiki. Kaka zangu wawili walipasua jiwe kwa mtalimbo na nyundo kubwa siku tatu, wakapata shimo la upana wa mita moja na kina cha sentimita 60 hivi. Nilinunua magunia kumi na mawili ya udongo mweusi, chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, ikaleta, tukajaza, tukapanda.

Mwaka wa kwanza ilikwenda vizuri. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ukatoka tena, na siku chache baadaye tukaambiwa tuhame, tukaenda Sake. Safari hii lava iliishia Buhene, pembeni ya mji. Tuliporudi mti ulikuwa umesimama, nikalia mbele yake kama mtoto.

Shida ni hii. Huu ni mwaka wa nne na umenipita kichwa kidogo tu. Tangu mwaka jana, mvua za mwezi wa tisa zikianza, majani mapya yanatoka njano, mishipa peke yake ndiyo inabaki kijani. Kisha yanapukutika. Kiangazi kikija, mwezi wa sita na wa saba, unapata nafuu! Hapo ndipo ninapochanganyikiwa, maana nilifikiri mti unapenda maji. Kila Jumamosi naweka majivu ya mbabula, jiko letu la makala, kila miezi mitatu samadi, na jioni namwagia nusu bidoni (dumu) ya maji. Ua hata moja sijaona.

Jirani ananiambia ning'oe nipande parachichi, angalau tutakula. Sitaki parachichi. Nataka mama aone maua ya zambarau mlangoni kwake.


Patrick_Majengo

Pole dada. Hiyo ni njaa ya mbolea. Weka ureya, mikono miwili kuzunguka shina, na majivu ongeza. Kwangu maboga yalikuwa njano hivyo hivyo, wiki mbili yakakolea.


PapaBustani, Keshero

Mama Neema, jambo. Ureya usiweke, na majivu acha kuanzia leo.

Patrick, mwanangu, umejibu kwa roho nzuri, lakini njaa haianzi hivyo. Mti ukikosa naitrojeni, majani ya zamani ndiyo yanatangulia kuwa njano, jani zima, kwa sababu mti unayanyang'anya ya zamani ili ulishe machipukizi. Maboga yako yalikuwa na njaa. Mama Neema anasema majani mapya, na mishipa imebaki kijani. Huo ni mti uliokosa madini ya chuma.

Na si kwamba chuma hakipo. Jiwe letu hili jeusi limejaa chuma. Ila mizizi haikifikii, na sababu mbili ninazozishuku umezitaja mwenyewe. Ya kwanza ni majivu. Majivu ya makala ni ndugu wa chokaa, yanatoa ukali (asidi) wa udongo, na udongo ukipoteza ukali wake chuma kinajifunga humo humo, mzizi unakipitia kando. Jakaranda inapenda udongo wenye ukali kidogo. Watu wa sehemu nyingine huweka majivu ili wapate potasiamu, lakini mawe ya Nyiragongo tayari yana potasiamu na kalsiamu kwa wingi. Umekuwa ukiuza chumvi Bahari ya Hindi.

Ya pili ndiyo iliyonifanya nikusome mara mbili: umesema kiangazi unapata nafuu. Mimi nimelima bustani za watu Himbi na Keshero tangu 1989, na mti unaopona kiangazi na kuugua masika, mara nyingi miguu yake iko majini.

Sitaki kukisia. Kesho asubuhi, kama mvua haijanyesha, fungua kijishimo pembeni kabisa ya lile shimo, mbali na shina, ufike mpaka kwenye jiwe la chini. Mzizi mnene ukiuona uupishe. Mimina maji, angalia saa. Kisha chukua udongo wa chini kabisa, unuse. Rudi hapa utuambie.


MamaNeema, Goma

Papa, nimefanya, na mikono bado inanuka.

Nilipofika kama sentimita 40 maji yalianza kujikusanya yenyewe kabla sijamimina kitu. Hata hivyo nikamimina nusu bidoni, saa mbili na robo asubuhi. Saa sita kamili maji yalikuwa yameshuka vidole viwili tu. Udongo wa juu ni mweusi mzuri, lakini wa chini ni wa kijivu, unateleza mkononi kama sabuni, na unanuka yai bovu. Mama aliinama kunusa akageuza uso. Niligusa mzizi mmoja mwembamba, ganda lake likavuka kama soksi, ukabaki uzi mweupe ndani.

Na kitu kingine. Chini ya shina kabisa kuna mzizi mnene umejizungusha, kama kamba ya mbuzi aliyezunguka kigingi mchana kutwa. Sikuugusa.


PapaBustani, Keshero

Basi tumepata. Shimo lako ni beseni.

Najua utashangaa, maana mji wetu unajulikana kwa kumeza maji. Goma haina hata mto mmoja, mvua inapita kwenye nyufa za lava na kwenda zake. Lakini lava haiko namna moja kutoka juu mpaka chini. Ganda la juu lina vitundu vitundu. Katikati pana jiwe zito lililopoa polepole, hilo halipitishi maji isipokuwa pale lilipopasuka. Chini kabisa, mahali lava ilipokuwa ikijiviringisha juu ya ardhi, kuna vipande vilivyolegea, vinapita maji kama chujio. Kaka zako walisimama kwenye jiwe zito la katikati, na bahati mbaya ufa haukuwapo. Halafu udongo ulionunua, ambao nadhani una ufinyanzi, ukaziba hata vile vitundu vya ukutani. Mvua ikija shimo linajaa, mzizi unakosa hewa, unaoza. Mzizi uliooza haufyonzi chuma wala kitu kingine, hata ukiuletea samadi ya ng'ombe wa Masisi yote. Na wewe jioni ulikuwa unaongeza maji.

Ule mzizi uliojizungusha ni kosa la sashe. Mche ulikaa muda mrefu ndani ya plastiki, mzizi ukakosa pa kwenda ukazunguka. Siku ya kupanda ungekatwa au kunyooshwa. Ukiachwa, shina likinenepa utalikaba.

Sasa dawa. Usihamishe mti leo katikati ya mvua, utaumaliza. Kwa sasa fanya mambo mawili tu: acha kumwagilia kabisa, na kile kijishimo cha pembeni kiache wazi uwe unateka maji kwa kopo kila baada ya mvua kubwa. Kazi yenyewe ingoje mwezi wa nane, mwisho wa kiangazi, mti ukiwa umedondosha majani na udongo umekauka. Hapo muutoe wote na bonge lake la udongo, muulaze kivulini juu ya gunia lenye maji. Mti wa miaka minne uliodumaa hivi watu watatu wanaubeba.

Shimo likiwa tupu, muendelee kupiga chini. Msitafute upana, tafuteni kina. Mtaliona jiwe linabadilika sauti, kutoka mlio mkali wa chuma mpaka mlio mzito. Mkifika kwenye vipande vilivyolegea mimina bidoni: maji yatapotea kabla hujaiweka chini. Kama jiwe ni nene kupita nguvu zenu, basi toboeni hata tundu moja la upana wa sahani pembeni, linatosha kutoa maji.

Naomba unisikilize vizuri hapa. Shimo likizidi kiuno, mtu asishuke peke yake, na asishuke alfajiri kabla upepo haujaanza. Mnajua mazuku, ile hewa ya sumu inayotoka ardhini. Yako zaidi upande wetu huku magharibi, kuelekea Mugunga na Lac Vert, lakini hewa ile haina harufu, ni nzito kuliko hewa ya kawaida, na inalala mashimoni. Mimi nimeokota mbwa wangu mwenyewe ndani ya shimo la taka asubuhi. Mtu akihisi pumzi inabana au kichwa kinazunguka, atoke, asimalizie pigo.

Kurudisha mti: kata ule mzizi wa kamba kwa msumeno, safi, na sehemu zote zilizooza ziondoe mpaka ufike kwenye mzizi mweupe mgumu. Shimo lijaze udongo uliochanganywa na kokoto za lava laini, zile nyekundu nyepesi, nusu kwa nusu, na samadi iliyooza mwaka mzima, kidogo. Panda juu kuliko mwanzo: pale shina linapoanza kupanuka kuwa mizizi paonekane wazi, pasifukiwe. Udongo ufanye kichuguu, maji yakimbie kwenda pembeni.

Na usikate kilele. Watu hapa wanakata kilele cha jakaranda ili ipanuke. Inajibu kwa fimbo nyingi zilizosimama wima kama ufagio, na umbo lake halirudi tena.


Mukwetu_Lubumbashi

Mama Neema, miye niko Lubumbashi, nimeguswa na habari ya mama yako. Papa amesema yote ya mizizi, mimi nikuongeze juu ya maua tu.

Kwetu mvua inakatika mwezi wa nne, na mpaka wa kumi hatuoni kitu. Mwezi wa saba usiku ni baridi ya kuvalia koti. Jakaranda inadondosha majani, inabaki uchi, halafu mwezi wa tisa na wa kumi inatoa maua kwanza, majani baadaye. Barabara za zamani za katikati ya mji zinakuwa zambarau juu na zambarau chini, ukikanyaga inateleza. Ni ule ukame mrefu ndio unaoitia maua. Kwenu kiangazi ni kifupi, kwa hiyo maua yatakuja lakini usitegemee mti mzima bila jani. Miezi ya sita mpaka ya nane usimwagilie hata tone, mti ukishakuwa umeshika. Mbolea ya ureya pia inaleta majani tu, maua inayachelewesha.

Tena umuulize yule kijana kama mche ulitoka kwenye mbegu. Wa mbegu unaweza kukusubirisha miaka saba, wengine kumi na zaidi. Si ugonjwa, ni umri.

Halafu mti uko umbali gani na nyumba? Jakaranda ikikua inainua saruji, na maua yanajaa kwenye mifereji ya bati. Kama mnakinga maji ya mvua, hilo mliangalie.


MamaNeema, Goma

Asante sana ndugu wa Lubumbashi. Kutoka shina mpaka ukuta ni hatua saba zangu. Maji ya mvua tunakinga, ndiyo, lakini tangi liko nyuma. Mche ni wa mbegu, nimeuliza. Miaka saba... mama nimemwambia mitano, Mungu anisamehe.


Bibi_Kadutu

Binti yangu, mimi niko Bukavu na nina umri wa mama yako. Ngoja jakaranda, lakini usimngojeshe mama bila kitu. Katafute muti wa umuko, huo wa maua mekundu kama makaa, kule Rutshuru wanaujua vizuri, ndio mti wa Ryangombe, yule shujaa wa masimulizi ya wazee. Huhitaji mche. Unakata tawi nene kama mkono, lenye urefu wa mtu, unaliacha kivulini siku chache kidonda kikauke, unalichomeka kwenye kichuguu cha udongo. Linaota. Watu wanafanyia ua wa shamba. Unatoa maua kiangazi ukiwa hauna majani, na ndege wadogo wa chozi wanakuja kunywa. Una miiba, uweke mbali na njia ya watoto. Na mbegu zake, zile nyekundu zenye doa jeusi, watoto wasitie mdomoni, ni sumu.


Patrick_Majengo

Papa, nimesoma. Sikujua hiyo ya majani mapya na ya zamani. Mama Neema, mwezi wa nane nitakuja na mtalimbo wangu, mimi na mdogo wangu. Hatutaki pesa.


MamaNeema, Goma

Narudi baada ya miezi kumi na moja, naona uzi bado upo.

Tulifanya kazi wiki ya pili ya mwezi wa nane. Patrick alikuja kweli, na mdogo wake, na kaka zangu. Mti tuliulaza chini ya dirisha la mama juu ya magunia mawili, akawa anaunyunyizia maji kila saa kama mgonjwa wa homa. Papa, jiwe lilibadilisha sauti kama ulivyosema, siku ya tatu alasiri. Unene wote, kutoka juu, ulikuwa mita moja na kama sentimita kumi. Chini yake vipande vyeusi vilivyolegea, Patrick akavitoa kwa mikono. Na chini ya vipande, udongo.

Sikuwa nimefikiria hilo. Sehemu ya juu imeungua, nyekundu kama tofali, unene wa kiganja. Ukiivunja, chini yake ni udongo mweusi, laini, wenye ubaridi. Ni kiwanja chetu cha zamani. Mama alitaka kushuka, tukamkatalia, tukampandishia konzi moja ndani ya kopo. Aliusugua kati ya vidole muda mrefu, hakusema kitu. Pembeni ya shimo palikuwa na kipande cha mzizi kilichogeuka makala, kirefu kama kalamu. Mama anasema ni wa mti wake. Sina namna ya kujua, siwezi kukisia hata mlango wa zamani ulikuwa wapi. Amekifunga kwenye kitambaa.

Bidoni tuliyomimina ilipotea kabla sijaiweka chini, neno kwa neno.

Mzizi wa kamba tulikata. Tulichanganya kokoto nyekundu nusu. Mti ulikaa wiki tano bila kitu, fimbo kavu, jirani wa parachichi akawa anapita anaangalia. Tarehe 20 ya mwezi wa tisa nikaona vichipukizi, na sasa mvua zimeshika kweli kweli na majani ni kijani, jani zima, mpaka ncha. Asubuhi mvua ikikatika naenda kuchokoa udongo kwa kidole: una unyevu, haunuki.

Umuko wa Bibi tulichomeka vijiti vitatu, viwili vimeota.

Swali moja, Papa. Pale chini, kama mkono mmoja kutoka ardhini, kumetoka chipukizi lingine lenye nguvu, linapanda wima na karibu linafikia shina kubwa. Mama anasema liachwe, mti wake wa zamani ulikuwa na mashina mawili. Nifanye nini?


PapaBustani, Keshero

Mama Neema, nimefurahi mpaka nimemwita mke wangu asome.

Kwa mti mwingine ningekuambia likate leo, kwa sababu mashina mawili yanayopanda sambamba yanabanana, na siku ya upepo mkali yanapasuka pale yanapokutana. Mbao ya jakaranda haina ukaidi. Lakini mti umetoka kwenye kidonda, kila jani una haja nalo. Liache mpaka kiangazi. Mwezi wa saba nitapita mwenyewe, tuangalie pembe yake na shina. Kama limejitenga vya kutosha, mama atapata mti wake wa mashina mawili. Kwa sasa lifunge kwa kitambaa laini, livute nje kidogo kwenye kijiti, na kila mwezi ulegeze fundo.